Naombeni ushauri: nijenge vati la marudio au ninunue karasha? Nipo Moshi

Kibosho Juu (mleta uzi)
Wakuu, habari za jioni. Nina miaka 34, nimesoma stashahada ya uchenjuaji madini na nimefanya kazi miaka minne kwenye mgodi mkubwa Kanda ya Ziwa mpaka mkataba ulipoisha. Nimerudi nyumbani. Sasa nimepata marudio ya dhahabu Handeni (mchanga uliobaki baada ya wachimbaji kusaga mawe na kutoa dhahabu yao), tani 400, yamepimwa gramu 2.8 za dhahabu kwa tani. Mkononi nina milioni 30. Nijenge vati, yaani tangi la kulowekea mchanga kwenye maji ya sayanaidi, nichenjue hayo marudio, au ninunue karasha niwasagie watu mawe kwa malipo ya mfuko? Nahitaji jibu kabla ya Ijumaa. Usingizi umenikimbia.

Mama Watatu Njiro
Kaka, milioni 30 unaipeleka porini? Jenga vyumba viwili vya kupangisha hapo Moshi. Wanafunzi wamejaa, kodi inaingia kila mwezi. Madini yamewapotezea watu ndoa zao, nimeona kwa macho yangu hapa Arusha.

Apolo Mstaafu
Dada, madini yamesomesha watu pia. Mimi nimekaa Mirerani kuanzia 1991. Tanzanaiti haina vati wala sayanaidi, unapasua mwamba, unachambua kwa mkono na tochi, halafu jiwe la kahawia unalipasha moto polepole mpaka rangi ya bluu itoke. Ukiharakisha moto linapasuka mbele yako. Mwaka 1998 maji ya mvua yaliingia mashimoni usiku. Nilikuwa nimepanda juu kutafuta uji. Wenzangu sita wa zamu ile sikuwaona tena. Mpaka leo mvua ikipiga bati la nyumba yangu hapa Sakina naamka nakaa kitandani. Kijana, uchenjuaji wa juu ya ardhi ni nafuu, hushuki chini. Jenga vati.

Meku wa Chunya
Kijana wangu, kabla ya vati na karasha nijibu moja. Sampuli alichukua nani?

Kibosho Juu
Shikamoo meku. Maabara imepima, karatasi ina muhuri na sahihi. 2.8.

Meku wa Chunya
Marahaba. Sikuuliza maabara. Maabara inapima kile kilichomo kwenye mfuko ulioletwa mezani. Nauliza mfuko alijaza nani, alichota sehemu gani ya rundo, na kwa kina gani.

Mjukuu wa Mawenzi
Hapo meku kakamata penyewe. Mleta uzi, jibu basi, tumeshachemsha maji ya chai.

Kibosho Juu
Mwenye rundo ndiye aliyenitumia, kilo tano kwenye mfuko wa sandarusi, kwa basi. Lakini ni mtu mzima, ana leseni, ni mtu wa kanisani. Nilifika kwake mwezi uliopita, tulikula pamoja, watoto wake wananiita baba mdogo. Kwa nini anidanganye? Na kazini mimi nilikuwa upande wa kaboni, yale makaa yanayonasa dhahabu, sampuli zilikuwa za idara nyingine.

Meku wa Chunya
Sisemi ni mwongo. Nasema hujui, na yeye pengine hajui.

Sikiliza marudio ni nini. Mchimbaji anasaga mwamba kwenye karasha, anapitisha kwenye mwalo, ule mfereji wa kuoshea mchanga, anakamata kwa zebaki. Zebaki inashika dhahabu iliyo huru, punje inayoonekana. Ile laini, au iliyofungwa ndani ya jiwe, inabaki kwenye mchanga. Hata wachimbaji wa Witwatersrand kule Afrika Kusini walikwama hapohapo: waliposhuka chini wakakuta mwamba wenye salfaidi, madini ya kibiriti yanayoifunga dhahabu, zebaki ikashindwa. Kilichowaokoa ni njia ya sayanaidi ambayo John MacArthur na wenzake walipata hataza yake Glasgow mwaka 1887. Dhahabu inayeyuka kwenye maji ya sayanaidi yenye hewa, halafu unaitoa humo. Wao walitumia zinki, sisi leo tunatumia kaboni.

Basi kwenye rundo la marudio dhahabu haijakaa sawasawa. Mchanga mzito ulitua karibu na mdomo wa mwalo, tope jepesi likaenda mbali. Mvua ikaja ikaosha juu. Ukichota kilo tano mahali pamoja unaweza kupata 2.8, ukisogea hatua nne ukapata 0.6. Unapaswa kupanga mistari, kutoboa mashimo mpaka chini kabisa kwenye udongo wa asili, kila mita mfuko wake, unachanganya, unagawa fungu sehemu nne, unapunguza. Halafu unachukua kidogo unazungusha kwenye chupa yenye sayanaidi saa 24 uone inatoka asilimia ngapi. Gramu ya karatasi ya maabara si gramu ya kaboni.

Na hayo marudio yamepita kwenye zebaki. Iliyobaki itayeyuka pamoja na dhahabu, itapanda kwenye kaboni, na siku ya kuyeyusha itatoka kama mvuke usioonekana. Jifunike.

Apolo Mstaafu
Na chokaa usisahau. Maji ya vati yakipungua chokaa, sayanaidi inageuka gesi. Jirani yangu alipoteza mbuzi watatu waliokunywa maji ya bwawa la mtu.

Mama Watatu Njiro
Kaka, hujasema hiyo milioni 30 umeitoa wapi. Mkataba umeisha, kazi huna. Na kwa nini Ijumaa?

Kibosho Juu
Akiba.

Mama Watatu Njiro
Akiba ya miaka minne ukiwa na familia? Sema tu kaka, hapa hakuna anayekujua.

Kibosho Juu
Sawa. Ni mkopo wa SACCOS. Dhamana ni kihamba cha nyumbani, shamba la ukoo. Baba alifariki, hati ipo kwa jina la mama, aliweka sahihi bila kusoma kwa sababu ananiamini. Ndugu zangu hawajui. Milioni 9 nimeshampa mwenye rundo kama hela ya kushikilia, Ijumaa namalizia 6, na 15 ni ya vati, kaboni, sayanaidi na vibali. Msinihukumu. Nimekaa nyumbani miezi kumi na moja, nakula chakula cha mama. Nilipiga hesabu: tani 400 mara 2.8 ni gramu 1,120. Nikipata asilimia 60 tu ni gramu 672. Mkopo unalipika na kihamba kinarudi kabla mtu hajajua.

Mama Watatu Njiro
Mungu wangu. Kihamba? Makaburi ya wazee yamo mle. Wachaga hawauzi kihamba, na wewe umekiweka rehani juu ya mchanga wa mtu!

Mjukuu wa Mawenzi
Mimi naona hii ni chai, stori ya kutunga. Nitasema kwa nini. Mtu aliyesoma uchenjuaji hawezi kununua rundo kwa sampuli ya muuzaji. Halafu tani 400 za mchanga mkavu ni kama mita za ujazo 270. Hilo ni rundo la kupandia kama kilima. Mleta uzi, umefika huko, tupe vipimo vyake. Ukishindwa, uzi ufungwe tusipotezeane muda.

Kibosho Juu
Nimefika na nimepima kwa kamba mwenyewe. Urefu mita 14, upana mita 9, katikati linanifikia kifuani, mita 1.3. Pembeni linashuka mpaka chini. Mchanga wa juu ni wa kijivu, ukichimba kwa kidole ndani ni mwekundu na una unyevu. Kuna mti wa mkwaju upande wa magharibi, na jirani anaanika mahindi juu ya rundo kwa sababu linapata jua. Kama ni chai, basi ni mimi ninayeinywa.

Meku wa Chunya
Ngoja. Mita 14 mara 9 mara 1.3 ni 163.8. Hiyo ni kama lingekuwa sanduku. Limeshuka pembeni, kwa hiyo chukua nusu mpaka theluthi mbili: mita za ujazo 82 mpaka 109. Mara tani moja na nusu kwa mita. Unapata tani 123 mpaka 164.

Kijana wangu, tani 400 alizihesabu nani?

Mjukuu wa Mawenzi
Nafuta neno chai. Samahani mkuu. Hii ni mbaya kuliko chai.

Kibosho Juu
Aliniambia yeye. Vipimo vya kamba niliviandika kwenye daftari sikuvizidisha. Sijui kwa nini sikuvizidisha. Nadhani nilikuwa naogopa.

Apolo Mstaafu
Mwanangu, tumepita wote hapo. Mpigie sasa hivi. Mwombe siku mbili utoboe mashimo kwa gharama yako.

Kibosho Juu
Nimempigia. Amekataa. Amesema nikitoboa rundo litaharibika, na ana mnunuzi mwingine kutoka Tanga. Meku, rundo la mchanga linaharibikaje?

Meku wa Chunya
Haliharibiki. Hizo 9 mliandikishiana?

Kibosho Juu
Karatasi moja ya daftari. Imeandikwa marudio tani 400, bei, tarehe, sahihi zetu. Shahidi ni shemeji yake.

Meku wa Chunya
Imeandikwa 400? Itunze vizuri, usimtumie picha yake kwa simu. Piga rundo picha ukiwa umeweka kamba yenye vipimo, kisha nenda kwa afisa madini wa mkoa na hiyo karatasi, na uulize kama leseni yake ipo hai. Hela ya Ijumaa usilipe.

Mama Watatu Njiro
Na mama, kaka?

Kibosho Juu
Milioni 21 bado ziko kwenye akaunti. Kesho saa mbili asubuhi nipo dirishani SACCOS niulize nikizirudisha mapema riba inakuwaje. Nikitoka hapo napanda gari la Kibosho. Mama huwa yupo kwenye migomba mpaka saa sita, nitamkuta hukohuko.