Yule fundi asikanyage tena nyumbani kwangu. Mnamjua!

Malkia wa Gia:
Wakuu, naandika huku natetemeka kwa hasira. Jina simtaji, sina haja, mnamjua. Yule yule. Anayetembea na spana mfuko wa nyuma hata msibani. Pikipiki ikikohoa mtaa wa saba, yeye amefika kabla haijazima.

Betri ya pikipiki yangu ilikufa. Sawa, betri hufa. Ukibonyeza stata inagonga tik tik tik, honi inalia kama mbuzi mwenye mafua. Nikapima kwa mita kila kitu kikiwa kimezimwa: volti 10 na ushee. Betri ya volti 12 iliyojaa na kutulia husoma 12.6 mpaka 12.8, kwa hiyo hapo hakuna cha kubembeleza. Nikanunua mpya, umbo lile lile, Ah (kiasi cha umeme inachobeba) zile zile, chanya upande ule ule. Nikaichaji kwanza. Nikazima swichi, nikavua kiti, nikatoa hasi, halafu chanya. Nikasugua vichwa vya waya mpaka vikang'aa. Nikafunga mpya: chanya kwanza, hasi mwisho, grisi juu. Mita ikasoma 12.7. KAZI IMEISHA. Kilichobaki ni kurudisha kiti tu!

Ndipo akatokea. Hajaitwa na mtu. "Hebu nione." Akaninyang'anya spana, eti chanya haijakaza, akaanza kuizungusha, waya wa hasi ukiwa bado umefungwa. Spana ikagusa fremu.

PAAA! Cheche ile ingechomelea geti zima. Spana yangu sasa ina kovu.

Na huyu mtu, spana bado ya moto mkononi, akanigeukia MIMI: "Umeona? Ndiyo maana nasema betri si kazi ya kufanyia nyumbani."

UMEONA?! Nimeona nini? Nimekuona wewe!

Hasi ya betri imeungwa na fremu. Ukiitoa kwanza, hata spana ya chanya iguse fremu mchana kutwa, umeme hauna pa kurudia. Usipoitoa, umeme unatoka chanya, unapita kwenye spana, unashuka kwenye fremu, unarudi hasi. Fyuzi haikusaidii maana haimo kwenye njia hiyo. Hilo ni somo la siku ya kwanza, na yeye anajiita fundi wa mafundi. Halafu "umeona". Mbele ya majirani. UMEONA!

Kiki Moja:
Siti ya mbele nimekaa.

Mzee wa Plagi:
Huyo namjua kabla sijamaliza mstari wa pili. Kwangu alikuja kuangalia taa ya breki, akaondoka indiketa hazifanyi kazi. Nilipomuuliza akasema zilikuwa zinakaribia kufa.

Tairi Kipara:
Dada, uzi mrefu hivi kwa cheche moja? Pole na spana yako, tutafanya matanga lini?

Malkia wa Gia:
@Tairi Kipara kaka, cheche si tatizo. Tatizo ni UMEONA. Mtu anakuharibia kazi iliyokwisha, halafu anakupa funzo! Na cheche yenyewe usiidharau, betri ikichajiwa hutoa haidrojeni. Hapo ingeweza kutupasukia usoni, asidi na plastiki vyote. Sijui hata hilo "umeona" angelisema kwa mdomo upi.

Waya Mwekundu:
Mi natoa yoyote inayoanza, miaka yote, sijawahi kuona shida. Hayo ya hasi kwanza ni mbwembwe za mitandaoni.

Mzee wa Plagi:
@Waya Mwekundu mdogo wangu, bahati si ufundi. Siku yako inakuja, na siku hiyo usiwe umevaa saa ya chuma.

Karai la Oili:
Mnabishana kuhusu spana, hamjauliza betri ya kwanza iliuawa na nini. Dada, washa injini, ipe moto kidogo, pima tena kwenye betri. Ikisoma kati ya 13.5 na 14.5 chaji inaingia. Ikibaki 12 na kitu, hiyo mpya nayo inakufa. Ikipita 15, rektifaya, kile kifaa kinachodhibiti chaji, inaipika.

Malkia wa Gia:
@Karai la Oili ahsante mzee wangu, nimepima, 14.2. Kila kitu kiko sawa. Kilikuwa sawa KABLA HAJAJA. Ndiyo maana neno lile linanichoma.

Kiki Moja:
Umeona?

Tairi Kipara:
Umeona?

Malkia wa Gia:
Nyie hamna utu.

Baba Klachi:
Afadhali huyo wa bure. Mimi muuzaji alinimiminia asidi kwenye betri kavu, akaifuta kwa kitambaa, akanipa hapo hapo eti nikafunge. Haikutulia, haikuchajiwa! Nilipoirudisha imekufa, akaniambia pikipiki yangu inakula betri.

Waya Mwekundu:
Asidi si inajichaji yenyewe?

Karai la Oili:
@Waya Mwekundu wewe kaa mbali na betri kabisa. Betri ya 7 Ah chaji kwa ampia 0.7, yaani sehemu ya kumi, taratibu. Na asidi ikikugusa, maji mengi, acha kupangusa na suruali.

Jokofu la Chuma:
Mafundi na wauzaji wote nawasamehe. Betri yangu mimi inauawa na shemeji. Anaazima pikipiki, anarudisha swichi iko ON, taa zinawaka usiku kucha. Asubuhi mimi ndiye napiga kiki mpaka goti linalia.

Baba Klachi:
Shemeji! Wangu anarudisha tangi likiwa na harufu tu ya petroli.

Mzee wa Plagi:
Na siti wameisukuma nyuma. Sijui wanaifanyaje, siti ya pikipiki haisogei.

Jokofu la Chuma:
Juzi karudi na helmeti isiyo yangu.

Kiki Moja:
Ya nani?

Jokofu la Chuma:
Anasema ndiyo hii hii niliyompa. Yangu ilikuwa nyeupe wakuu. NYEUPE. Hii ina masikio ya paka.

Tairi Kipara:
Fungua uzi wako, na uweke picha.