Nimechoka na hii kauli kwamba Julius Achon "alituangusha"

Wakuu, nimevumilia vya kutosha. Kila mjadala wa riadha ya Uganda ukifunguliwa lazima atokee mtu wa kupanga orodha ya wakimbiaji "waliotuangusha", na lazima Julius Achon awemo, mara nyingi namba moja. Bingwa wa dunia wa vijana, akapata chuo Marekani, akaenda Olimpiki mara mbili, akarudi mikono mitupu. Hukumu imetoka, faili limefungwa. Wengi wanaoandika hivyo mwaka 1994 hawakuwa wamezaliwa. Waliokuwepo wanajua hali ilivyokuwa, na bado wanaandika.

Yangekuwa maneno ya mtandaoni tu ningepita kimya. Lakini sasa yanaharibia watoto. Mimi nafundisha riadha kwenye shule moja huku Lango, kaskazini mwa Uganda, na nina mwanafunzi wa mita 1500 aliyepata barua kutoka chuo cha Marekani, wanataka waanze kuzungumza habari ya ufadhili. Kwenye mashindano ya shule nikampeleka mama yake kwa kiongozi mmoja wa michezo, mtu mzima mwenye heshima zake, amweleze uzuri na ubaya wa jambo lenyewe. Mama alikuja na barua ameifunga kwenye leso isipate vumbi. Yule mzee hakuisoma. Aliilaza mezani, akaweka chupa yake ya soda juu yake, akasema, "Mama, usimpoteze mtoto. Achon alienda hukohuko, akaisha." Chupa ilipoinuliwa karatasi ilikuwa na duara la maji katikati ya maandishi. Mama akaikausha kwa upindo wa gauni, akamshukuru mzee, kwa sababu mkubwa akishakushauri unashukuru, na mpaka leo ukimtajia chuo anabadilisha mazungumzo.

Haya, tuulizane huyo Achon aliisha vipi.

Kwao ni kijiji cha Awake, wilaya ya Otuke. Waasi wa Kony walimteka akiwa mtoto wa miaka kama 12, akatoroka. Akaanza kukimbia. Aliwahi kutoka kijijini mpaka Lira kwa miguu, makumi ya kilomita, ili tu afike kwenye mashindano. Mwaka 1994, Lisbon, akashinda mita 1500 kwenye mashindano ya dunia ya vijana. Tangu John Akii-Bua, naye mtu wa Lango, achukue dhahabu ya mita 400 kuruka viunzi Olimpiki ya Munich 1972 kwa rekodi ya dunia ya 47.82, watu wa huku tulikuwa tunasubiri jina lingine. Likaja hilo. Na siku hiyohiyo sisi wenyewe, bila kumuuliza, tukaandika mwisho wa hadithi yake: medali ya Olimpiki.

Akapata ufadhili Chuo Kikuu cha George Mason, Virginia. Mwaka 1996 akakimbia mita 800 kwa 1:44.55, rekodi ya vyuo vya Marekani. Kijana wa Otuke! Hapo ndipo huwa nawauliza watu: nani mwingine kutoka nchi hii, akiwa mwanafunzi wa chuo kule, alifanya hivyo? Huwa sijibiwi. Tunarukia Atlanta 1996 na Sydney 2000 kwa sababu huko hakuna medali, na aliyepata medali yetu pekee Atlanta ni Davis Kamoga, shaba ya mita 400.

Sasa angalieni hiyo medali mliyokuwa mnamdai mlitaka aitoe wapi. Mita 1500 ya miaka ile ilikuwa ya Noureddine Morceli, bingwa wa Atlanta, mtu aliyekimbia 3:27.37 mwaka 1995. Nyuma yake akaja Hicham El Guerrouj, ambaye 3:26.00 yake ya Roma 1998 haijavunjwa mpaka leo naandika. Sydney huyohuyo El Guerrouj akapigwa na Noah Ngeny wa Kenya. Ukishuka mita 800 unamkuta Vebjørn Rodal anashinda Atlanta kwa 1:42.58, na mwaka uliofuata Wilson Kipketer anashusha rekodi ya dunia mpaka 1:41.11. Miaka hiyo mtu wa 1:44 alikuwa mkimbiaji mzuri sana duniani na bado angeweza kukosa fainali. Anayesema medali "ilikuwa yake" hajawahi kuangalia matokeo.

Halafu kuna hili la chuo, ambalo naona watu hawalielewi kabisa. Wanadhani ukipelekwa chuo Marekani unapelekwa kuandaliwa kwa Olimpiki. Unapelekwa kukimbilia chuo. Mashindano yao ni ya pointi: mshindi anapata 10, wa pili 8, wa tatu 6, inashuka hivyo mpaka wa nane anayepata 1. Kocha anahitaji pointi, kazi yake inategemea pointi. Kwa hiyo mkimbiaji wake mzuri anaweza kuwekwa mbio mbili wikendi moja, na mchujo juu yake, na kupokezana vijiti juu yake. Septemba mpaka Novemba ni nyika, Januari mpaka Machi ni uwanja wa ndani, halafu uwanja wa nje mpaka Juni. Juni umeshapiga msimu mzima, miguu inaomba likizo, na mashindano ya dunia au Olimpiki ndiyo kwanza yanakaribia. Wenzako waliobaki Ulaya na makambi yao wamejipima kwa ajili ya Agosti tu.

Na fedha je? Kwa miaka mingi kanuni za daraja la juu kule ziliruhusu timu ya wanaume ya riadha kugawana ufadhili kamili 12.6 tu, timu nzima, kuanzia mrusha tufe mpaka mkimbiaji wa mita 10,000. Unaelewa maana yake? Nafasi yako inalindwa na pointi unazoleta. Na wakati wa Achon mwanafunzi hakuruhusiwa kupokea zawadi ya fedha. Kijana ana familia kwenye vita nyumbani, ana miguu ya kumlisha, na sheria inasema asile.

Sisemi chuo ni kibaya. Ningekuwa nasema hivyo nisingekuwa napigania barua ya mwanafunzi wangu. Nasema ukipima maisha ya mkimbiaji wa chuo kwa medali ya Olimpiki peke yake, umechukua kipimo cha kazi nyingine. Henry Rono wa Kenya alikuwa mwanafunzi Washington State mwaka 1978 alipovunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81: mita 3000, mita 3000 kuruka viunzi na maji, mita 5000 na mita 10,000. Hakukimbia Olimpiki hata moja, kwa sababu Kenya ilisusia 1976 na 1980. Huyo naye mtamweka kwenye orodha? Edward Cheserek alichukua mataji 17 ya vyuo akiwa Oregon, hakuna mwanaume mwingine wa daraja la kwanza aliyefika hapo kwenye riadha, na Olimpiki hakuiona. Huko Kenya nako wapo wanaosema "alipotea". Mataji 17! Akii-Bua mwenyewe alinyimwa nafasi ya kutetea dhahabu yake Montreal 1976 kwa sababu Uganda ilisusia. Hakuna anayemwita aliyeshindwa, na ni haki, kwa sababu tunaijua sababu. Kwa Achon hatutaki hata kuitafuta.

Nitasema wazi ninavyopima mimi, msije mkadhani nalia tu. Ukiangalia uwanjani peke yake, baada ya 1996 Achon hakupanda kama Lisbon ilivyoahidi. Hilo ni kweli na halinipi shida kulisema. Mtu aliyeshinda dunia akiwa kijana wa miaka 17 tulitazamia tumuone fainali za wakubwa mara kwa mara, haikuwa hivyo. Baadaye alikuwa Portland akivuta kasi kwenye mbio za wengine, ile kazi ya kukimbia mbele mizunguko ya mwanzo halafu kutoka nje ya njia ili mwingine apate muda mzuri na picha. Ni kazi halali inayolipa bili. Lakini kutoka "hakufika pale tulipopanga sisi" mpaka "alituangusha" kuna umbali mrefu, na umbali huo mnauvuka kwa uvivu tu.

Kuangusha maana yake mtu alikushikia kitu. Uganda ilimshikisha nini? Joshua Cheptegei mwaka 2017 aliishiwa nguvu mzunguko wa mwisho hapa Kololo, mbele ya nchi nzima, mbio za nyika za dunia, akamaliza wa 30. Siku ile nilisikia kwa masikio yangu watu wanasema kijana amekwisha. Mwaka 2019 akawa bingwa wa dunia wa nyika Aarhus na wa mita 10,000 Doha. 2020 akavunja rekodi za dunia za 5000 na 10,000, 12:35.36 na 26:11.00. Tokyo dhahabu, Paris dhahabu. Tofauti ni kwamba Cheptegei alipoanguka alikuwa na kocha wake, kambi yake Kapchorwa, meneja wake na mkataba wake. Alikuwa na mahali pa kuinukia. Mnapomlinganisha na mtu wa 1996 aliyekuwa anapigiwa simu za misiba kutoka Lango, mnakosea hesabu na mnakosea adabu.

Na misiba haikuwa maneno tu. Mwaka 2003 akiwa Lira, kwenye mazoezi ya asubuhi, alikuta watoto yatima 11 wamelala chini ya basi. Akawachukua, akawapeleka kwa baba yake, akawa anawalisha kwa kile kidogo alichokuwa anapata. Mwaka 2004, mwaka uleule wa mauaji ya kambi ya Barlonyo, mama yake Kristina akapigwa risasi na waasi, akafa kwa kukosa matibabu. Achon akatafuta wafadhili hukohuko Marekani alikokuwa amekimbilia mbio, na Awake sasa kuna kituo cha afya kinaitwa kwa jina la mama yake. Kina mama wa Otuke wanajifungulia hapo. Mwaka 2016 watu wa Otuke wakampeleka Bunge. Mnaweza kubishana na siasa zake mpaka kesho, siasa siyo mada yangu.

Mtaniambia hiyo si riadha. Sawa, iondoeni. Rudini Lisbon 1994, rudini 1:44.55, na mniambie ni kiongozi gani wa michezo wa nchi hii aliyetumia jina hilo kujenga hata uwanja mmoja wa lami ya riadha Lango kipindi kile. Vijana wangu wanakimbia kwenye murramu, mistari tunachora kwa jivu, mvua ikinyesha tunachora upya. Uwanja wa Akii-Bua hapa Lira uliahidiwa miaka na miaka, awamu hadi awamu.

Kwa hiyo anayetaka kujibu uzi huu na kusema Achon aliiangusha Uganda, aandike vitu vinne: ni mbio ipi, mwaka gani, alipigwa na nani kwa muda gani, na nchi ilikuwa imempa nini kabla hajasimama kwenye mstari wa kuanzia. Ukiviandika hivyo vinne nitakujibu kimoja kimoja, hata usiku wa manane. "Alienda Marekani akaisha" sitaijibu tena. Na wale mliopitia vyuo vya kule, au mna watoto huko, naomba mwandike hapa kwa Kiswahili chepesi jinsi ufadhili unavyofanya kazi, maana kuna mama mmoja nataka kumsomea.