Naomba ushauri: nataka urubani wa jeshi, ila navaa miwani

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu. Niko Ujiji, Kigoma. Nimemaliza kidato cha sita, mchepuo wa PCM (fizikia, kemia na hisabati), na JKT kwa mujibu wa sheria nilikwenda Bulombora, huku huku kwetu. Nia yangu ni kuingia JWTZ kama ofisa mwanafunzi, nisome chuo cha maofisa wa jeshi Monduli, kisha niombe urubani katika Kamandi ya Jeshi la Anga. Baba mdogo anashauri nitangulize shahada ya uhandisi. Mama hataki kusikia habari za ndege kabisa, anataka niwe mwalimu.

Kinachoninyima usingizi ni macho. Navaa miwani ya kuonea mbali, namba ndogo tu. Rangi nimepimwa, nyekundu na kijani nazitofautisha bila shida. Je, miwani peke yake inamtoa mtu, au anaweza kupangiwa ufundi wa ndege au uongozaji? Na kwenye usaili, ukiacha mbio, fizikia wanaiuliza kwa kina gani?

Kuna jamaa hapa mjini anadai ana mtu wake makao makuu, anataka hela. Huyo msinishauri habari zake, nimeshamkwepa. Nawasubiri waliowahi kupita kwenye vipimo.