Kujitolea Nkhata Bay, Malawi: nianzishe timu ya soka ya wasichana au nijiunge na netiboli yao?

Binti wa Uyole ameuliza:

Ndugu zangu, salamu. Mwezi ujao ninakwenda kujitolea wilaya ya Nkhata Bay, kaskazini mwa Malawi, ambako nitasaidia katika maktaba ya shule ya msingi iliyo kando ya Ziwa Nyasa, au Ziwa Malawi kama wenyewe wanavyoliita. Jioni nitakuwa na nafasi, na kwa kuwa nimecheza soka tangu sekondari, nimepanga kuanzisha timu ya wasichana wa miaka 12 hadi 16. Nimekwisha kuchangiwa mipira na jozi kadhaa za viatu. Hata hivyo, mwenyeji wangu ameniambia kwa upole kwamba wasichana wa pale wana netiboli yao, mchezo ambao mimi sijaugusa tangu darasa la saba. Je, niendelee na mpango wangu, au niwafuate wao? Na mavazi je, kwa mtu aliyezoea kucheza na kaptula?

Mama wa Mzuzu amejibu:

Binti yangu, msikilize mwenyeji wako. Nimeishi Mzuzu miaka mingi kwa ajili ya biashara, na ninakuhakikishia kwamba netiboli kwa wanawake wa Malawi si mchezo wa kupitishia muda. Katika Kombe la Dunia la mwaka 2023 lililochezwa Cape Town, timu yao ya taifa ilimaliza katika nafasi ya saba, nchi yenye uwezo mdogo wa fedha ikiwa miongoni mwa mataifa tajiri. Na mfungaji wao maarufu, Mwai Kumwenda, alitoka wilaya ya Mzimba, huko huko kaskazini, akafika hadi ligi ya Australia na kuichezea Melbourne Vixens. Ukifika na kutangaza timu mpya, utakuwa umewaambia bila kukusudia kwamba walichonacho hakitoshi.

Nenda uwanjani kwanza, utazame. Mara nyingi utakuta mistari imechorwa kwa majivu au kwa jembe, na nguzo ni mti ulionyooka wenye pete ya chuma iliyofungwa kwa waya. Baadhi ya wasichana watakuja na wadogo zao mgongoni, na anayeingia kucheza atamkabidhi mtoto kwa yule anayetoka, mchezo ukaendelea bila malalamiko. Usishangae wakichelewa, kwa sababu maji hutekwa kwanza, na kuna siku ambazo wachezaji wako wazuri watabaki nyumbani kupika nsima, yaani ugali wao. Omba namba yoyote iliyo wazi, ucheze chini ya kapteni wao, na ukikosea acha wakusahihishe.

Kuhusu mavazi, kumbuka kwamba tangu mwaka 1973, enzi za Rais Kamuzu Banda, sheria iliwakataza wanawake kuvaa suruali na sketi fupi, na ilidumu hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Bibi za wasichana hao wameishi chini ya sheria hiyo, na macho yao bado yako pale pale. Vaa sketi inayofika magotini juu ya kaptula yako, na ukitoka uwanjani jifunge kitenge kabla hujapita mbele ya nyumba za watu.

Kocha wa Kyela amejibu:

Kwa heshima zote, Mama, ninaona umelifunga suala la soka mapema mno. Tabitha na Temwa Chawinga, ndugu wawili wachezaji wa soka wanaotambulika duniani, wanatoka Rumphi, wilaya isiyo mbali na huko anakokwenda dada yetu. Temwa aliibuka mfungaji bora wa ligi ya wanawake ya Marekani mwaka 2024 kwa mabao 20. Haiwezekani wasichana wa kaskazini wasiwe na habari zao. Ninakubali asianze kwa kutangaza timu, lakini mipira aichukue, na wasichana wenyewe wakiuliza, basi wacheze. Tatizo litakalomkabili ni uwanja, kwa kuwa uwanja wa soka wa kijiji kwa kawaida hushikwa na wavulana kila jioni, na kuupata kunahitaji mazungumzo na mwalimu mkuu pamoja na mkuu wa kijiji, si ubishi wa mgeni na vijana pale pale uwanjani.

Mwamuzi Mstaafu amejibu:

Mimi ninaongeza ya kiufundi tu. Dada, miguu yako ya soka itakuponza. Katika netiboli, ukidaka mpira na kutua kwa mguu mmoja, mguu huo ukishanyanyuliwa hauruhusiwi kurudi chini kabla mpira haujakutoka mkononi, na mpira hukai nao zaidi ya sekunde tatu. Ulinzi wa kumbana mtu bega kwa bega usahau; mlinzi husimama umbali wa sentimita 90 kutoka kwa mwenye mpira. Wanaoruhusiwa kufunga ni wawili tu kati ya saba, kwa hiyo omba nafasi ya katikati, ambako utakimbia sana na kuonekana wa maana hata kama mikono yako ni mizito. Kama utotoni ulicheza rede, shabaha bado unayo.

Binti wa Uyole amejibu:

Ninawashukuru nyote. Nitaanza na netiboli, na mipira ya soka nitaiacha stoo hadi waitake wenyewe. Limebaki suala la viatu: ni jozi chache, na wasichana bila shaka ni wengi. Niwagawie akina nani?

Mama wa Mzuzu amejibu:

Usimgawie yeyote kwa mkono wako. Wengi huko wanacheza pekupeku; ukiwavalisha wachache, kesho yake wataumizana vidole, na nyumbani wazazi wataulizana kwa nini wa jirani amepata. Mkabidhi mwalimu wa michezo viatu vyote mbele ya kapteni, viandikwe kuwa mali ya shule, vitumike siku za mechi za nje kwa wale ambao miguu yao inavienea. Picha nazo usizipige wala kuzirusha mtandaoni kabla wazazi hawajakubali, hata wasichana wenyewe wakikusihi, nao watakusihi.