Kuzalisha matini katika lugha kadhaa: je, violezo vinatosha?

Mdadisi: Nina programu inayosoma vipimo vya hali ya hewa na kuandika taarifa fupi kwa Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa. Nimetumia violezo, yaani sentensi zilizo tayari zenye nafasi za kujazwa namba na majina. Kwa Kiingereza mambo yanakwenda, lakini kwa Kiswahili napata vituko kama «vituo 1 vimepata mvua», na nikiweka «mji» mahali pa «kituo», kitenzi hakifuati. Je, niandike kiolezo kwa kila nomino?

Mwanaisimu: Ndugu Mdadisi, ukianza hivyo hutamaliza. Tatizo ni kwamba unahifadhi sentensi, ilhali ulipaswa kuhifadhi maana: nani, amepata nini, kiasi gani, lini. Kila lugha ipewe sarufi yake ya kuigeuza maana hiyo kuwa maneno, kwa sababu hata kuhesabu hakufanani. Kifaransa huiweka sifuri katika umoja, Kiingereza huiweka katika wingi, Kiarabu kina umbo la uwili, na Kirusi hutenganisha mbili hadi nne na tano hadi ishirini. Kwetu, kamusi ya programu iandike ngeli ya kila nomino waziwazi. Usiikisie kutokana na kiambishi, kwa maana «kituo kimeonekana» ni sahihi lakini «kiboko kimeonekana», kwa maana ya mnyama, si sahihi.

Fundi Sarufi: Naunga mkono. Mfumo uitwao Grammatical Framework, ulioanzishwa na Aarne Ranta mwaka 1998 katika kituo cha utafiti cha Xerox huko Grenoble, umejengwa juu ya wazo hilohilo: sarufi dhahania moja hubeba maana, kisha sarufi mahususi ya kila lugha hushughulikia upatanisho na mpangilio wa maneno. Kwa taarifa za hali ya hewa unao mfano wa Kanada, ambako katika miaka ya 1990 mfumo wa FoG ulizalisha utabiri kwa Kiingereza na Kifaransa kutoka kwenye data ileile, bila lugha moja kuwa tafsiri ya nyingine.

Mdadisi: Nashukuru. Kwa nini basi nisiikabidhi kazi yote modeli kubwa ya lugha, yaani programu iliyojifunza kuandika kutokana na maandishi mengi mno?

Fundi Sarufi: Unaweza, na sentensi zake huenda zikasomeka vizuri kuliko zako. Hata hivyo, modeli hiyo huweza kutaja milimita ambazo hazimo katika vipimo vyako, tena kwa ufasaha unaomfanya msomaji asishuku, na ubora wake hushuka katika lugha zenye maandishi machache ya kujifunzia. Mimi ningeiruhusu ipendekeze misemo wakati wa kuandaa sarufi, na namba ningeziacha zipite kwenye kanuni za sarufi hiyo.

Mwanaisimu: Na ukiamua kuandika namba kwa maneno, kumbuka kwamba moja hadi tano na nane hupatana na ngeli, ila sita, saba, tisa na kumi hazipatani: vituo vinane, vituo tisa.