Kupanga vituo 12 vya chanjo ya mkoba (timu huwafuata watu vijijini) wilayani Bahi, Dodoma, kwa hesabu

Swali: Wakuu, nina vitongoji 60, uwezo wetu ni vituo 12. Nimetumia p-median, modeli ya kuchagua maeneo ya vituo, lakini vitongoji vya pembezoni vimebaki kilomita 14 kutoka kituo cha karibu. Nimekosea wapi?

Jibu: Hujakosea, mkuu, umeuliza swali lingine. P-median hupunguza jumla ya mwendo wa watu wote, hivyo huvutwa na vijiji vikubwa. Tumia modeli ya Church na ReVelle (1974), inayotafuta kufikia watu wengi iwezekanavyo ndani ya umbali uliowekwa: kila eneo ni 1 likichaguliwa kuwa kituo au 0 lisipochaguliwa, jumla isizidi 12, na kitongoji kihesabiwe kimefikiwa pale tu kituo kilichochaguliwa kipo ndani ya kilomita 5. Uzito wa kila kitongoji uwe idadi ya watoto wake chini ya mwaka 1. PuLP (maktaba ya Python ya kuandika modeli) na CBC (programu ya kuitatua) ni bure, zinamaliza upesi.

Jibu: Umbali umeupimaje? Kama ni mstari mnyoofu, tupa. Korongo likijaa, kilomita 3 huwa 15 za kuzunguka. Piga hesabu mara mbili: kiangazi, na mvua za Desemba hadi Aprili.

Muulizaji: Mnyoofu, kweli. Na watakaobaki nje?

Jibu: Ongeza sharti: asiwepo wa zaidi ya kilomita 8 kutoka kituo cha karibu. Programu ikisema hakuna jibu linalotimiza masharti yote, vituo 12 havitoshi. Jaribu 13, kisha 14.