Tupeane uzoefu: kubadili plagi za gari mwenyewe nyumbani

Mkazi wa Kimara: Wakuu, jirani kaparamia plagi (zile za kuwasha petroli kwenye injini) za Toyota IST yake na spana ya kuazima, gari imezimwa sasa hivi hata injini haijapoa. Nikamwambia kaka subiri, hedi (kile kichwa cha injini plagi zinapofungwa) ni aluminiamu, ukifungua ya moto plagi inatoka na thredi, yaani ile mizunguko ya skrubu, za hedi. Kanicheka. Waliofanya wenyewe leteni visa.

mudi spana: IST mbona rahisi. Koili nne (zile za kupeleka umeme kwenye plagi), kila moja bolti ya namba 10, plagi soketi ya 16 ile ndefu. Ila puliza vumbi kabla hujalegeza, mchanga ukidondokea ndani unakwangua silinda.

Mama Wawili: Nilibadili za Vitz fundi kasimama pembeni kanuna. Mchezo ni kuanza kwa mkono, mi natumia kipande cha mpira wa petroli nachomeka kichwani kwa plagi nazungusha, ikienda upande mpira unateleza wenyewe. Ikigota ndo nakaza na spana, plagi mpya yenye washa yake (ile pete ya chuma) nusu mzunguko tu basi.

Tatu Bila: 👆 huyu dada anajua

mhehe_ilula: Mmenikumbusha Noah ya mjomba, ile ya injini ya 3S iliyo chini ya viti vya mbele. Kuna fundi alimbadilishia plagi akakaza kwa bomba refu eti zisilegee, mjomba akashukuru na hela ya soda akatoa. Wiki ile ile tunapanda Kitonga, gari imejaa, bibi yupo katikati, malori mbele yanatambaa, mara PAAA chini ya makalio yetu, tukajua tumepigwa risasi, bibi anaita majina ya wazee wote waliokufa, gari inatetemeka inatoa sauti kama tingatinga na harufu ya petroli juu. Mjomba kazima, tumenyanyua kiti, plagi moja imeruka na thredi zote za hedi, inaning'inia kwenye waya. Tukavutwa na lori mpaka Iringa. Fundi wa kule hakushusha hedi, alipaka grisi kwenye kekee vyuma vinase, akachonga thredi mpya akaweka ile springi ya helikoili ya kushika plagi. Mpaka leo inadunda.

Tatu Bila: Bibi vipi lakini??

mhehe_ilula: Alimalizia safari na basi, Noah hataki kuiona.

Raha Tanga: Ndo maana nasema pakeni grisi ya shaba kwenye thredi, hutakuja kulia.

mudi spana: Acha kupotosha. NGK, watengenezaji wa plagi, wenyewe wanasema usipake, plagi zao zimeshapakwa madini ya kuzuia kutu. Ukipaka inateleza unakaza kupita kiasi, yale yale ya Kitonga.

Raha Tanga: NGK hawaishi Tanga. Chumvi ya huku unaijua?

mudi spana: Chumvi inaingia kwenye hedi kufanya nini, unakaanga samaki?

Mama Wawili: Kaka zangu mtagombana kwa plagi jamani 😂

Otis wa Rongai: Nyinyi wa Toyota mnadeka. Mimi niko na Subaru, silinda zimelala, plagi zinaangalia pembeni kwa chesisi. Unatoa betri, unatoa boksi ya eafilta, na mkono bado haufiki. Siku hizi napeleka kwa makanika nakunywa chai.

Tatu Bila: Uza nunua Probox

dogo Ilala: Na kuweni macho na plagi za iridiamu (madini magumu ya nchani) za bei ya karanga, nyingi feki. Orijino inakwenda hata kilomita laki moja, na ile ncha usiigonge wala usiisugue na brashi ya waya, ni nyembamba mno.

Kijana Mpole: Samahani wakuu, mi nimetoa yangu ya tatu imelowa oili mpaka kwenye koili, zingine kavu za kahawia. Ninunue plagi?

mudi spana: Kahawia ndo afya hiyo. Hiyo ya tatu sili za taped kava (kifuniko cha juu ya injini) zimechoka, oili inashuka kwenye shimo la plagi. Badili sili kwanza, futa shimo likauke, ndo ufungue pochi ununue plagi.

Raha Tanga: Apake na grisi.